Sili, Kalafati na Pumzi ya Giaboksi

Kiswahili kina vitenzi vingi vya majimaji yanayoondoka mahali pake, na kila kimoja kina kipimo chake. Kutona ni tone moja moja, lenye nafasi kati yake na jenzake. Kuchuruzika ni uzi mwembamba usiokatika. Kutiririka ni mkondo unaojua unakokwenda. Kububujika ni kutoka kwa nguvu, kama chemchemi inayoinua mchanga. Kuvuja si ndugu wa hivi vyote, kwa sababu hakitaji kiasi, kinataja hitilafu. Kinachovuja kimepita pasipopasa kupita. Ndiyo maana paa huvuja, mtumbwi huvuja, mtihani huvuja na siri huvuja. Lakini mto, hata ukijaa ukavunja madaraja, hauvuji.

Wahenga walikipa kitenzi hiki methali ya kejeli nzuri: kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Kila kinachodondoka njiani humpunguzia mbebaji mzigo, ingawa mwenye mali anapata hasara. Nimeifundisha methali hii darasani kwa miaka mingi, na siku zote wanafunzi hucheka wanapomfikiria yule mchukuzi anayetembea akizidi kuwa mwepesi. Niliifikiria upya msimu mmoja wa machungwa, nilipokutana na pakacha la chuma ambalo kuvuja kwake hakukuwa nafuu kwa yeyote.

Pakacha hilo lilikuwa giaboksi ya pikapu yetu ya dizeli. Nasema yetu kwa maana kamili ya neno hilo, kwani tuliinunua kwa kuchangiana ndugu watatu, na wote watatu tunaitegemea. Shamba la mama yetu lipo Muheza, kwenye mwinuko unaoelekea milima ya Usambara Mashariki, na machungwa yake hushushwa Tanga mjini, safari ya kama kilomita 40. Msimu hausubiri mtu. Chungwa lililoiva likikaa siku chache zaidi huanguka lenyewe, na lililoanguka halina mnunuzi. Mwaka ule pikapu ilianza kuacha doa jeusi kila inapolala, na kaka yangu mkubwa alianza kuzungumzia kuiuza kabla haijafia njiani na mzigo mgongoni.

Kwa msomaji asiyeyazoea mambo haya, inafaa kueleza kwa nini doa lile lilitutisha. Giaboksi ya kuingiza gia kwa mkono ni sanduku lililofungwa, na ndani yake magurudumu yenye meno huzunguka yakiwa yamezama nusu katika oili nzito. Oili hiyo haizidi lita 3, na haitumiki ikaisha kama dizeli. Kama haivuji, hukaa humo kwa makumi ya maelfu ya kilomita. Injini ina kijiti cha kupimia oili na taa nyekundu ya kumwonya dereva. Giaboksi kama yetu haina kijiti wala taa. Oili ikipungua, chuma husagana na chuma gizani, na dereva huanza kusikia mlio baada ya madhara kwisha kutendeka. Watu wa gereji husema gia zinalia. Wakisema hivyo, mara nyingi zinalilia kilichokwisha kufa.

Gereji moja mjini ilikuwa imebadilisha sili ya nyuma mara mbili katika kipindi cha miezi minne. Kila mara doa lilikauka kwa wiki mbili au tatu, kisha likarudi. Mara ya tatu tukaambiwa dawa ni moja tu: kununua giaboksi nyingine. Bei tuliyotajiwa ingemeza msimu mzima wa machungwa na sehemu ya msimu unaofuata.

Ndipo shemeji yangu akanielekeza kwa fundi mmoja mzee, nje kidogo ya mji, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe, shimo lililojengewa kwa matofali, na kabati la bati. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kwenye benchi. Sikuanza kwa kueleza habari za giaboksi mpya. Nilimwambia tu kwamba gari linavuja.

“Inatona au inachuruzika, Mwalimu?” akaniuliza.

Nilinyamaza kidogo, kwa furaha zaidi kuliko kwa kukosa jibu. Katika maisha yangu ya kufundisha Kiswahili, hakuna aliyepata kuniuliza swali la msamiati ambalo jibu lake lilikuwa na thamani ya fedha. Nilimjibu kwamba inatona ikiwa imesimama, na kwamba baada ya safari ndefu sehemu yote ya chini huwa imelowa.

“Kwa hiyo ikipoa inatona, ikichemka inachuruzika,” akasema. “Ingekuwa inatoa jasho tu ningekwambia uiache. Jasho si la kufungulia chuma.”

Nikaelewa kwamba mzee huyu alikuwa na ngazi tatu kamili: jasho, tone na uzi. Jasho ni unyevu unaoshika vumbi lakini haudondoki. Hufutwa, hutazamwa, huachwa. Tone huhesabiwa. Uzi hausubiri kesho. Madaraja haya yamo katika lugha yetu kwa ukamilifu, na yamo kwenye kazi yake kwa ukamilifu uleule, wala hakuyapata katika kitabu chochote.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kufungua chochote. Alimwagiza kijana wake asugue sehemu yote ya chini kwa brashi na dizeli hadi chuma kionekane, akaifuta kwa matambara, akaipaka poda nyeupe, ile ile wanayopakwa watoto baada ya kuogeshwa. Kisha tukaizungusha pikapu barabarani kwa nusu saa, tukarudi, akashuka shimoni na taa. Juu ya weupe wa poda oili ilikuwa imeandika njia yake yote.

“Oili ina tabia mbili,” alinieleza kutoka shimoni. “Hushuka chini, na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo usiamini inapodondokea. Tafuta palipolowa juu kabisa na mbele kabisa. Hapo ndipo mama yake.”

Aliinusa pia, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi kama wino na haina uzito mkubwa. Oili ya giaboksi ni nzito, na ina harufu ya kiberiti inayokaa puani. Dizeli yenyewe huteleza na kukauka haraka. Hapa niwaombe wapenzi wa lugha watazame jambo moja. Kamusi zetu huyaweka haya yote chini ya neno mafuta, na baadhi ya waandishi wa magazeti huandika vilainishi wakitaka kutofautisha. Chini ya mwembe ule tofauti imekwisha kuwekwa zamani bila kikao: mafuta ni yanayoungua, oili ni inayolainisha. Gari huishiwa mafuta. Gari humwaga oili. Sijapata kumsikia fundi akichanganya.

Poda ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya oili ilitoka nyuma, pale propela inapoingia kwenye giaboksi. Lakini kulikuwa na michirizi mingine miwili myembamba: mmoja chini ya waya wa spidi, mwingine mbele, karibu na klachi. Kijana akapendekeza kupaka silikoni kuzunguka sehemu zote tatu, kwa kuwa silikoni ilikuwepo kabatini na machungwa yalikuwa yanasubiri. Jibu la mzee nililiandika kwenye daftari siku ileile.

“Hiyo ni kalafati, mwanangu. Kalafati ni ya mbao mbili zilizolala pamoja. Hapa kuna kitu kinazunguka. Kinachozunguka hakitiwi kalafati, kinatiwa sili.”

Baba yake, nilikuja kujua, alikuwa mjenzi wa majahazi Pangani. Wasomaji wa pwani hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine: kalafati ni pamba inayolowekwa mafuta na kugongwa kwa patasi katika mianya ya mbao za chombo ili maji yasipite. Ubaharia wetu una msamiati mzima wa kupigana na maji. Chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Ubavuni hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, neno linalolingana kwa sauti na sifa tunazowapa watu, na ambalo kwa harufu yake haliwezi kuchanganywa nazo hata kidogo. Maji yatakayoingia licha ya hayo yote hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na mabaharia huyafua kwa zamu. Mzee wangu alikulia ndani ya maneno hayo. Alipohamia kwenye magari aliyachukua, akayapima kila moja kwenye kazi mpya, akaliacha lisilofaa.

Tofauti aliyoichora kati ya kalafati na sili ni tofauti ya kweli ya kiufundi. Vipande viwili vya chuma vilivyokazwa pamoja kwa bolti havisogei, kwa hiyo kati yake hutosha gasketi au silikoni. Huo ni ukuta. Mhimili unaozunguka hauwezi kujengewa ukuta. Unahitaji kitu kinachougusa bila kuukaba. Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, na nyuma ya mdomo huo kuna springi ndogo, laini kama uzi, inayoubana mdomo juu ya chuma. Mhimili unazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mdomo unabaki umeugusa. Ukibana mno, unaungua. Ukilegea, unavuja. Kila sili huandikwa namba tatu za milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na unene. Dukani huagizi kwa jina la gari tu. Unataja namba, au unakwenda na sili kuukuu mkononi. Nilipozisoma namba zile tatu juu ya ukingo wa mpira nilifikiri, kama msomaji yeyote wa tovuti hii angefikiri, juu ya mizani.

Basi kazi ikaanza, nami nitaieleza kwa utaratibu wake, maana utaratibu wenyewe una hekima.

Kwanza, kabla ya kumwaga oili, alifungua nati ya tundu la kujazia, lililo ubavuni. Sikuelewa kwa nini aanzie juu wakati shabaha ni kumwaga. Akaniambia kwamba nati ya kujazia huweza kuwa imeshika kutu, na ukishamwaga oili yote ndipo ugundue kwamba huwezi kuirudishia, una gari lisilotembea na huna la kufanya. Kwa hiyo fungua pa kuingilia kabla hujafungua pa kutokea. Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, katika mambo yasiyohusu magari.

Pili, oili ikashuka kwenye beseni. Ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Mzee akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akaguna, akaniuliza kama njia ya shamba inavuka maji. Nikamwambia inavuka kijito kimoja, na wakati wa mvua kinafika juu ya ekseli. Hakusema zaidi.

Tatu, kabla ya kuifungua propela upande wa difu, alichukua tindo akatia alama mbili, moja kwenye kila kipande, ili zikutane tena vilevile wakati wa kufunga. Propela husawazishwa ikiwa imefungwa kwa namna fulani. Ukiigeuza inaweza kutetemesha gari zima. Kisha akaichomoa mbele, akaishika shingo yake inayoingia kwenye giaboksi, akaipitishia ukucha. Mdomo wa sili za zamani ulikuwa umeichimba alama nyembamba, mfereji usioonekana vizuri kwa macho lakini ukucha uliukwama. Akaichunguza pia bushi iliyo ndani, kwa kuirudisha shingo mahali pake na kuitikisa juu na chini. Bushi ikiwa imeliwa, shingo hucheza, na hakuna sili mpya itakayoishi juu ya shingo inayocheza. Bushi yetu ilikuwa bado nzima.

Nne, sili kuukuu ikang'olewa, pale ilipokaa pakasafishwa, na sili mpya ikapakwa oili mdomoni kabla ya kuingizwa. Sili kavu huungua katika dakika zake za kwanza, kabla oili haijaifikia. Mdomo ulielekezwa ndani, upande wa oili. Aliigonga kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, taratibu, kwa kuzunguka, ili isiingie upande. Na hapa alifanya jambo dogo ambalo gereji ya kwanza haikulifanya mara zote mbili: hakuizamisha hadi mwisho. Aliiacha nje kiasi cha milimita 2. Kwa hivyo mdomo mpya haukukaa tena juu ya ule mfereji wa zamani. Ulikaa juu ya chuma laini kisichoguswa.

Nilidhani hapo ndipo penye ufumbuzi, na kwamba tungejaza oili tukaondoka. Mzee akapanda kutoka shimoni, akanawa, akanywa kikombe cha kahawa chote bila haraka. Kisha akaniuliza swali la pili ambalo sitalisahau.

“Mwalimu, ikiwa sili tatu zinavuja pamoja, utasema sili zote tatu ni mbovu?”

Nilisema haielekei.

“Basi kuna kitu kinazisukuma.”

Akamwagiza kijana alale juu ya giaboksi, apapase kwa vidole palipo na kifuniko kidogo cha bati, si kikubwa kuliko kifungo cha koti. Hilo ndilo tundu la kupumulia. Giaboksi ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka, na tundu hilo huiruhusu itoke. Ikipoa, hewa hurudi kwa njia hiyohiyo. La kwetu lilikuwa limezibwa kabisa na udongo mwekundu wa Muheza, uliokauka ukawa kama tofali. Kwa hiyo kila safari hewa ya moto ilitafuta pa kutokea, na njia pekee ilikuwa kupitia midomo ya sili, ikiichukua oili pamoja nayo. Na kila tulipovuka kijito giaboksi ikiwa ya moto, ilipoa ghafla, ikanyonya, na maji yakaingia mahali palepale oili ilipotokea. Ndiyo sababu ya ile rangi ya chai ya maziwa. Sili mpya zisingeweza kushinda, hata zingekuwa kumi. Zilikuwa zikiadhibiwa kwa kosa lisilo lao.

Kijana akauchokonoa udongo kwa waya, akatia dizeli, akachokonoa tena. Mzee akachukua kipande cha mpira mwembamba, akakibana juu ya tundu, akapuliza kwa kinywa chake. Hewa ikapita. Ndipo oili mpya, ile nzito ya namba 90 inayofaa giaboksi, ikajazwa hadi ilipoanza kufurika kwenye mdomo wa tundu la ubavuni, gari likiwa limesimama sawasawa. Kipimo chake ni hicho: ikifurika kidogo, imetosha. Tukaenda Muheza, tukarudi na mzigo, tukatandika boksi la katoni chini kwa usiku mzima. Asubuhi katoni ilikuwa kavu. Michirizi ile miwili mingine, ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ilikuwa imekauka.

Kwa kazi yote ile tulilipa kiasi ambacho hakikufikia hata sehemu ya kumi ya bei ya giaboksi nyingine. Machungwa ya mama yetu yalifika sokoni msimu ule wote, na kaka yangu hajazungumzia tena kuiuza pikapu.

Sasa nirudi kwenye shughuli yetu ya humu, ambayo ni maneno na mashairi. Sipendi kuukamua mfano hadi utoe damu, lakini mambo mawili nimeyabeba kutoka chini ya mwembe ule, na naona haya kuyaficha.

La kwanza lahusu mizani na vina. Katika mabishano yetu yasiyokwisha kati ya wanaoshika arudhi na wanaoandika mashairi huru, pande zote mbili huzungumza kana kwamba sheria za utunzi ni ukuta. Mmoja husema ukuta huu unatulinda, mwingine husema ukuta huu unatufunga. Nadhani wote wawili wanazungumzia kalafati. Mizani inayofanya kazi ni sili. Kazi yake ni kuuruhusu mhimili uzunguke bila maana kumwagika. Mshororo wa mizani 16, nane ukwapi na nane utao, humgusa msemaji mahali palepale kila duru, na bado sauti hupita. Shairi guni ni lile ambalo mdomo umelegea. Lakini lipo pia shairi lisilo na kosa hata moja la mizani ambalo mdomo wake umebana hadi ukaungua, nalo halitembei. Anayehesabu silabi peke yake hawezi kuyatofautisha, kama vile namba tatu za sili zisivyokwambia iwapo springi yake ingali hai.

La pili lahusu lugha nzima. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, tumekuwa na watu wenye kazi ya kuitunza lugha isivuje, nami naiheshimu kazi hiyo. Nimekula mkate wake. Lakini tazama maneno yaliyotumika chini ya mwembe kwa siku moja. Gari lina asili ya Kihindi. Usukani ni wa Kiarabu, na kabla ya kushikwa na dereva ulishikwa na nahodha, ukaitwa hivyo kwa mantiki ileile. Parafujo na bomba tuliachiwa na Wareno. Gia, spana, jeki na sili ni za Kiingereza. Dizeli ni jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Tumemwongezea irabu ya mwisho, akawa mwenzetu. Na katikati yao yote vimesimama vitenzi vya Kibantu, imara kama ekseli: kukaza, kulegea, kuziba, kuzunguka, kutona, kuvuja, kupumua. Maneno ya kigeni yalikuja yakiwa majina ya vitu. Vitendo tulikuwa navyo.

Hiyo ndiyo pumzi ya lugha. Yapo maneno yanayoingia kwa sababu kitu kimeingia, na lugha yenye tundu wazi huyapokea bila mshtuko. Tukiliziba tundu hilo kwa udongo wa kujivuna, maneno hayatakoma kuingia; yatapenya kwenye midomo ya sili, yakiwa mazima mazima, hayajavaa kiambishi wala irabu, na tutashangaa kwa nini vijana wetu huzungumza nusu sentensi kwa lugha nyingine. Ndipo tutakapobadilisha sili, tena na tena, tukilaumu sili. Lakini nisieleweke vibaya. Anayesema kwamba hakuna haja ya kulinda chochote hana giaboksi, ana beseni. Sili bila pumzi huvuja. Pumzi bila sili ni tundu tu.

Nilipokuwa nikisubiri katoni ile ikauke au ilowe, nilitunga beti mbili. Nilimsomea mzee kesho yake. Alizisikiliza akiwa chini ya lori la mtu mwingine, kisha akaomba nimrudie ubeti wa kwanza.

Chombo kisichopumua, huvujia mdomoni,
Fundi asiyetambua, huzibaziba pembeni,
Mjuzi akiinua, macho yake kileleni,
Njia ukiifungua, mafuta hubaki ndani.

Shairi nalo ni gari, lina mhimili kati,
Vina vikae tayari, mizani ikazwe nati,
Lakini iwe hiari, kupumua kwa sauti,
Njia ukiifungua, mafuta hubaki ndani.

Alikuwa na sahihisho moja. “Si mafuta, Mwalimu. Oili.” Nikamweleza kwamba neno mafuta lilikuwa limekwisha kukaa katika mizani, na sikutaka kuugusa mshororo ukavuja. Akafikiri, spana mkononi, akasema kwamba kama ni suala la kipimo basi ameelewa, maana sili ya 38 huwezi kuitia kwenye shingo ya 40. Ila nitafute sentensi nyingine ambamo oili itaenea. Bado naitafuta.

Tangu wakati ule nimekuwa nikimtembelea na daftari. Nimekusanya maneno zaidi ya sitini ya kazi yake: ya sauti za gari bovu, ya aina za kutu, ya namna za kukaza na kulegeza, na machache ya jahazi yaliyohamia kwenye chuma. Mengi sijayaona katika kamusi yoyote ninayoimiliki. Mzee hana mwanafunzi anayeyataka maneno. Yule kijana anaitaka kazi, na ni haki yake. Nawaomba wasomaji wenzangu, hasa mlio Mombasa, Lamu, Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi, mwende kwa fundi aliye karibu nanyi, mmuulize gari lake linavujaje, na mniandikie neno alilotumia. Andikeni kama alivyolitamka. Msilisahihishe.